Ladha ya Arobaini na Moja

Sheria iliruhusu ulimi wa mtu ukumbuke ladha arobaini tu. Ukitaka mpya, ufute moja ya zamani, pamoja na kumbukumbu zake. Mwakio, mpenzi wa wiski za kimea, alikuwa ameshajaza arobaini zake, wiski yenye ladha ya moshi ikiwemo. Wiski ya pili, kwenye glasi kando ya ile ya kwanza, ilinukia zabibu kavu na mbao kuukuu, na asipoikumbuka angezilinganishaje? Akafuta chai ya nyumbani. Hiyo nainywa kila siku, akawaza, itarudi yenyewe.

Jioni mkewe, Wakesho, akamletea kikombe. Mwakio akanywa, akashangaa.

“Tamu kweli, Mama Mghoi. Tangawizi hii nani alikufundisha kuipima?”

Wakesho alizitazama zile glasi mbili mezani.

“Wewe,” akasema. “Wiki tuliyooana.”