Mbegu Zilizong'atwa

Moto ulipomaliza msitu, Nungunungu aliokota mbegu za mkongo, ngumu kama kokoto, ili aupande upya. Kumi alizikuta zimeng'atwa ncha.

"Panya, mwizi wewe! Umeniharibia mbegu!" akafoka, akazitupa jalalani.

Zile nzima akazipanda, akazimwagilia kila asubuhi. Masika yakaja, yakaisha, haikuota hata moja. Kule jalalani miche kumi ilikuwa imeshampita kimo, kwa kuwa maji yalipenya pale palipong'atwa.

Nungunungu akafukua mbegu zake, akampelekea Panya.

"Jirani, naomba uning'atie hizi kidogo."

"Nizing'ate kama nani?"

"Kama fundi," Nungunungu akanong'ona.

"Paza sauti," akasema Panya. "Siku ile ya mwizi, watoto wangu walisikia vizuri."