Mwendo wa Kanali

Mama Ndelwa aliwalea mbwa waliotupwa mpaka wapate kwao, na sharti lake lilikuwa moja. Mbwa hafungwi kamba. Unatoka getini na kutembea bila kugeuka; akikufuata, ni wako.

"Kanali ni mtu mzima, dada Eufrasia, na mguu wake mmoja mbovu," alimwambia mgeni wake, akimwonyesha mbwa mzee aliyelala kibarazani. "Watatu wameshamjia. Kila mara akifika pale kwenye bomba la maji anachoka, anarudi kulala."

"Na mimi akinikataa?"

"Utakunywa chai, uende zako."

Eufrasia alicheka kidogo. Nyumba yake ilikuwa kimya tangu amzike Faustini, na hakutaka kuirudia peke yake. Akatoka. Barabara ilikuwa nyeupe kwa ukungu. Miguu yake ilikwenda polepole, kama ilivyozoea miaka tisa kumngoja mume mwenye mkongojo. Haikujua mwendo mwingine.

Alilipita bomba. Nyuma yake mchanga ukasikika: hatua tatu, kisha mburuzo. Hatua tatu, mburuzo.

Hakugeuka. Alisogea tu kushoto, akauacha wazi upande wa kulia, aliokuwa akitembea Faustini.