Ufa Kwenye Bastola ya Mwisho

Hsiu-yun alipopitisha kitambaa kwenye bastola ya mwisho, uzi mmoja wa pamba ulinasa. Alikuwa fundi wa silaha wa kituo cha polisi mjini Keelung, na vidole vyake vilijua chuma kizima kinavyoteleza.

Akaisogeza kwenye taa. Ufa mwembamba kama unywele ulipita ubavuni.

Nje, askari kumi na mmoja walishapanda gari, wanakwenda kumkamata mtu mwenye bunduki.

"Dada, bado tu?" Mkuu wao alichungulia, koti likichuruzika mvua. "Futa mafuta, utupatie, twende zetu."

"Ina ufa. Na bastola zenu zote zilikuja na shehena moja. Washushe, nizikague."

"Jana zimepiga risasi hamsini hamsini bila kukwama! Unataka yule jamaa atoroke?"

"Akitoroka mtamtafuta tena. Hii ikimpasukia mtu usoni, nani atakwenda kumwambia mama yake?"

Mkuu alimkodolea macho. Hsiu-yun hakuyakwepa. Alitandaza kitambaa kipya mezani, akakinyoosha kwa viganja.

Taratibu, mkuu akachomoa bastola yake kiunoni, akatoa risasi, akailaza pale.

Hsiu-yun aliifungua, akainusa, akakunja uso.

"Mkuu, hii uliisafisha lini?"