Njiwa Aliyemlea Mtoto wa Popo

Popo alipovunjika bawa, alimpa Njiwa mwanawe Tunu amlee, wakakubaliana kwamba atakuwa akija kumwona kila mwezi. Njiwa alikuwa mwenye wasiwasi mwingi. Alipoona Tunu analala miguu juu, kichwa chini, alidhani ni maradhi. Akamkanda kwa maji moto, akamgeuza, na Tunu akajigeuza tena. Njiwa akaogopa kunyang'anywa mtoto, kwa hiyo Popo alipokuja akamzuia mlangoni.

"Leo mtoto hajiwezi, dada."

Popo akapenya, akamkuta Tunu ananing'inia, naye akaning'inia kando yake.

"Kumbe maradhi haya ni ya ukoo?" Njiwa akauliza.

"Ndivyo tulalavyo," akasema Popo. Kisha akatega sikio, machozi yakamlengalenga. "Ila mwanangu anakoroma 'kuu, kuu.' Ameugua kifua?"

Njiwa akaona haya. "Hapana, dada. Sauti hiyo kaipata kwangu."

Tunu akafumbua jicho moja. "Mama zangu, mimi siumwi. Nina usingizi."

Popo akalala papo hapo kichwa chini, Njiwa akalala kichwa juu, na kuanzia mwezi ule Popo akija hukaa wiki nzima.