Kuwamba Kitanda

Kamba za kitanda chao zilikuwa zimelegea, na Machano na mkewe Mize walikuwa hawasemeshani tangu juzi. Lakini kitanda cha kamba hakiwambwi na mtu mmoja: huyu huvuta, yule hushika isirudi. Wakakitoa uani, wakakaa huku na huku.

"Anayevuta aseme," alisema Mize. "Anayeshika anyamaze, na asiachie."

Akaanza yeye. Machano alishika, akiwa ameshayapanga moyoni maneno ya kuomba radhi kwa ule mchuzi alioususa mbele ya wageni.

"Siku ile nililia jikoni," alisema Mize akivuta. "Ukaingia, ukaniona. Ukachota maji ya kunywa, ukatoka."

Jikoni? Lini? Machano aliitafuta siku hiyo kichwani asiipate. Na mchuzi mbona hautajwi? Alitaka kuachia abishe, lakini kazi yote ingelegea. Akashika, viganja vikimwaka.

"Haya, zamu yako." Mize alimpa ncha, akaishika ile kamba iliyokazwa.

Machano alivuta kidogo, akasita. Maneno aliyoyapanga hayakuwa na kazi tena.

"Siku hiyo siikumbuki, Mize," alisema, akamrudishia ncha. "Nisimulie tena."

Mize hakuipokea ile ncha. Lakini kamba aliyoishika hakuiachia.