Supu ya Shemeji

Kuku watatu kwa watu wawili ni kufuru, lakini Ardis aliwakatakata wote. Alianza alfajiri, theluji ikipiga dirisha la jikoni kama mtu anayerusha chumvi kwa ngumi. Akatia vitunguu, karoti, seleri, maharage mabichi. Viazi alivitazama, akavirudisha chini ya sinki. Vyote vilivyobaki vikaingia kwenye chungu cha umeme cha kanisa, kile kikubwa alichokiazima, maana chake mwenyewe kilikuwa kidogo, cha mjane.

Akageuza kitufe kwenye moto mdogo. Supu ya namna hiyo haiharakishwi. Unaiacha inung'unike peke yake mchana kutwa, mpaka nyama iachane na mfupa bila ugomvi.

Simu ikalia. Alikuwa Janelle, binti wa shemeji yake Einar, akipiga kutoka mjini Fargo.

"Mama mdogo, mtambo wa kupasha joto nyumba ya baba umekufa tangu jana. Fundi anasema barabara imefungwa, hafiki mpaka kesho. Nikimpigia simu hasikii, masikio ndiyo yale. Na leo usiku wanasema nyuzi thelathini chini ya sifuri. Kwa mapafu yake, hapambazukiwi mle ndani."

"Najua. Supu iko motoni. Jioni nitamfuata aje ale, alale hapa."

"Atakataa."

"Lini hajakataa?"

Janelle akacheka. "Ya kwanza hapana, ya pili hapana, ya tatu, 'Haya basi, nisikuudhi.' Baba huyo! Hata angekuwa anazama ukamtupia kamba, angekwambia kwanza usijisumbue."

Janelle akakatisha kicheko.

"Samahani, mama mdogo. Ulimi wangu huu."

"Wala usijali, mwanangu."

Huko kwao wote wako hivyo. Mtu mzima hakubali chakula kwa mwito wa kwanza, asije akaonekana mlafi. Na mwenye nyumba naye hajaalika mpaka atamke mara ya tatu. Verlyn, marehemu mume wa Ardis, alikuwa vilevile. Machi ile aliyokufa, barafu ya ziwa ikiwa imeshaanza kulia kwa nyufa, Einar alisimama kwenye mlango wa jiko hili hili akamwita kaka yake wakavue samaki juu ya barafu. Verlyn akasema hapana, asante. Akaitwa tena, akasema ana kazi. Einar alipomwita mara ya tatu, Verlyn akavaa buti. Ziwa lilimrudisha Einar peke yake.

Ardis hakuwahi kulitaja jambo hilo. Kila Krismasi Einar alikula mezani kwake, na kipande kikubwa cha keki kilikuwa chake. Kanisani walimtaja Ardis kuwa mfano: moyo ule, walisema, ungefaa kufundishwa shuleni.

Jioni alijifunga skafu, akavuka uwanja baina ya nyumba zao mbili. Upepo ulimkata mashavu. Einar alifungua kabla hajabisha.

"Shemeji! Unatoka kwenye baridi hii? Utaganda pua."

"Pua ya kizee hii, nani anaitaka? Iache igande."

Mzee akacheka, na cheko lake likatoka kama moshi. Mle ndani kulikuwa baridi kama ghala. Alikuwa ameshanyoa ndevu. Koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, buti zimekazwa kamba, na mkoba mdogo ulikuwa miguuni pake. Mswaki umechomoza kwenye mfuko wa pembeni.

"Nimepika supu ya kuku," Ardis akasema. "Njoo ule. Kitanda cha wageni kipo."

"Hapana, shemeji, usijisumbue. Nina mkate na jibini."

"Mkate wenyewe sasa hivi unavunja meno. Twende, bwana."

"Hapana, hapana. Mzee kama mimi ni mzigo tu." Akavuta hewa puani. "Lakini inanukia! Imekuganda mpaka kwenye koti." Mkono wake ukashuka, ukagusa mpini wa mkoba. Akamtazama shemeji yake usoni kwa tabasamu la heshima, akisubiri.

Ardis akakaza skafu yake.

"Haya, shemeji. Usiku mwema."

Einar akauachia mpini wa mkoba. Ardis alikuwa ameshafika katikati ya uwanja ndipo aliposikia mlango ukifungwa nyuma yake, polepole.

Hajavua hata buti, simu ikalia.

"Amekuja?"

"Amekataa, mwanangu."

"Ulimwambia mara tatu?"

"Tatu. Ya nne nikaongeza, nikijua nakosa adabu."

"Akakataa hata ya tatu?" Janelle akashusha pumzi, na Ardis akaisikia hofu ikimtoka. "Basi kweli hahitaji. Labda amewasha lile jiko lake dogo la kuni. Mimi hapa roho juu juu, nilikuwa karibu kuwapigia polisi waje na gari la theluji! Asante, mama mdogo. Sijui tungekuwa wapi bila wewe."

"Lala, mwanangu."

Akazima chungu. Nyama ilikuwa imeachana na mfupa, mchuzi umekuwa wa dhahabu. Akaonja, akaongeza chumvi kidogo. Kisha akaichota yote kwenye mikebe, akaipanga kwenye friza; supu isiyo na viazi haiharibiki ikigandishwa. Baada ya maziko watu wa kanisani kwao hula sana, hasa wakati wa baridi.