Kopo la Irente

Adabu ya mchezo wa kusaka makopo yaliyofichwa haijabadilika: ukichukua kitu, acha cha thamani ileile. Ila siku hizi kopo lenyewe ndilo linalopima. Unashika kitu chako juu ya kifuniko, linasoma mapigo ya moyo wako, na taa ya kijani inawaka kama kweli unakipenda. Hakuna tena wa kuacha kisoda akajifanya muungwana.

Kule Irente, binti yetu Sikudhani alikuta twiga wa shanga ndani ya kopo, akamng'ang'ania. Kopo likakataa kitambaa changu, likakataa na miwani yangu. Mtoto akaanza kulia.

"Weka pete ya ndoa, Mama Siku," mume wangu alisema akicheka. "Hiyo haliwezi kuikataa. Nitakununulia nyingine."

Nikaivua. Taa ikawaka nyekundu.

"Labda mikono yako ina baridi." Hakuwa akicheka tena.

Nikarudia. Nyekundu.

"Mama, limeharibika?" Sikudhani akauliza.

"Limeharibika," nikasema, haraka mno.

Baba yake akavua pete yake taratibu, akaishika juu ya kifuniko. Nikaliomba kopo, kwa moyo wangu wote, liwake nyekundu.

Likawaka kijani.